Koti Jekundu la Sabuni

Ukitaka kumjua Asenath Ayuma, mwone asubuhi anapofungua belo la mitumba pale soko la Muthurwa, Nairobi. Mchana hutamjua. Mchana ni mama kama mama yeyote wa soko, ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, leso begani, anakunywa chai na kumwambia mteja kwamba bei ni hiyo hiyo hata akirudi kesho. Lakini asubuhi ya belo mwanamke huyu huwa mwingine kabisa. Huja amekaza leso kiunoni. Hulizunguka belo, hulibonyeza hapa na pale, hulinusa. Kisha hushika kisu na kukata mikanda, mmoja mmoja, bila haraka, huku wateja wakisogea na kusogea mpaka anawasikia wakimpumulia shingoni. Mkanda wa mwisho ukikatika, nguo hufumuka kama unga wa mandazi uliosahauliwa karibu na jiko, na hapo kila mtu na mikono yake. Zile nzuri kuliko zote, zisizo na doa wala uzi uliochomoka, sokoni huitwa kamera, na kwa ajili ya kamera watu wazima wenye heshima zao hukanyagana vidole bila kuombana radhi.

Alianza na soksi. Alipotoka Vihiga kumfuata mumewe Kweyu, kibarua wa viwandani, alikaa nyumbani akitazama ukuta hadi akaona atapata wazimu, akachukua soksi akaanza kuzitembeza. Kutoka soksi akapanda hadi kofia za watoto, na kutoka kofia hadi sweta, na hapo ndipo jina lake lilipotokea. Walisema ukimfumba macho Mama Mitchelle, kama alivyoitwa sokoni, na kumpa nguo mkononi, atakuambia ni ya nani, ya umri gani na ya msimu upi. Yeye mwenyewe aliipenda sana sifa hiyo, na hakuna aliyemsikia akiikanusha.

Kitu kingine alichokipenda, na hicho hakukitangaza, ni mbwa mmoja anayeitwa Sabuni.

Anapoishi Asenath ni mtaa wa Kware, kwenye ploti ya gorofa saba ambayo jua huiona kwa juu tu. Ndiyo maana kamba zote za kuanikia nguo ziko paani, na paani ndipo wezi walipokuwa wakivuna. Walikuwa wakiruka kutoka paa la jirani, wanakusanya suruali na shuka, wanatokomea. Msimamizi wa ploti, Shiundu, mtu wa maneno machache na funguo nyingi, akachoka kulaumiwa. Siku moja akaja na kijibwa cha rangi ya udongo ndani ya mfuko wa koti. Kabla jioni haijafika kijibwa kile kilikuwa kimekula kipande cha sabuni ya kufulia, kikaanza kutoa povu mdomoni, na wapangaji wote wakakimbilia ngazini wakipiga kelele kwamba mbwa ana kichaa. Aliyebaki juu ni Asenath peke yake. Aliona mapovu yanapaa na kupasuka, akacheka mpaka akakaa chini, akamnywesha mbwa maziwa. Jina likawa limeshapatikana.

Sabuni alikua akawa mlinzi wa kweli. Hakuwa mkubwa, tena mwembamba, lakini alimjua kila mpangaji na kamba yake. Mwenye nguo akipanda, Sabuni anatikisa mkia. Mgeni akigusa hata leso ya pua, Sabuni anabweka mpaka mtu wa gorofa ya tatu anaangusha kijiko. Watu wakaanza kuacha nguo zao juu na kwenda zao kazini na roho safi.

Halafu Julai ikaingia, na Julai ya mwaka huo haikuwa na adabu. Mawingu yalikaa juu ya Kware kama kifuniko cha sufuria, manyunyu hayakuisha, na upepo wa paani ulikuwa ukipita kwenye mifupa. Nguo hazikukauka. Ukianika Jumatatu, Jumatano bado zinadondosha maji, kwa hiyo zilibaki juu siku na siku, na mlinzi alihitajika kuliko wakati wowote. Na huo ndio wakati mlinzi alipolala. Sabuni alikuwa ameshazeeka. Alijikunja nyuma ya tangi la maji, pua chini ya mkia, akitetemeka hadi unamsikia. Ukimwita, alifungua jicho moja tu.

Wezi nao si wajinga. Walianza na taulo, kujaribu. Kisha wakachukua ovaroli ya Owino, jirani wa Asenath wa mlango kwa mlango, ovaroli ya kazi, mpya, aliyopewa kiwandani. Owino alisimama kwenye ngazi akanguruma.

"Huyo mbwa anakula bure," alisema. "Mimi naenda kazi na baridi hii. Yeye ni nani asiende?"

Mwenye ploti, mama mmoja aitwaye Ndeti, huja kila Jumapili baada ya kanisa kuangalia mali yake. Jumapili hiyo alipanda hadi juu, akahema, akamtazama Sabuni aliyekuwa amelala kama gunia tupu.

"Shiundu, huyu amekwisha," alisema. "Jumapili ijayo nikimkuta hivi, atiwe kwa gunia apelekwe mbali asikojua kurudi. Nitaleta mbwa kijana."

"Madam, ni baridi tu," alisema Asenath.

"Baridi iko kwa kila mtu, Mama Mitchelle. Basi mpatie blanketi uone kama atabweka."

Ndeti alisema hivyo kwa utani. Asenath aliuchukua utani huo akashuka nao.

Blanketi alijaribu. Sabuni aliliburuta mpaka kwenye dimbwi, akalilalia, likawa baya kuliko sakafu. Ndani ya nyumba hangeweza kumweka, kwa kuwa wapangaji walikuwa wameapa mbwa hatakanyaga veranda zao. Sweta ya mtoto Sabuni aliikataa, mikono ilimfunga miguu akaanguka kifudifudi. Ndipo Asenath akakumbuka kwao. Kule Vihiga mbwa hana blanketi wala sweta. Mbwa hulala jivuni. Moto wa jioni ukizimika uani, mbwa hujichimbia kwenye jivu la moto akaamka asubuhi mweupe kama mzimu, mzima kabisa. Kware watu wanapika kwa gesi, jivu utalitoa wapi? Asenath alijua pa kulitoa. Alimwendea mchoma mahindi wa pale kona, akamwomba jivu la vuguvugu, karai zima, akapanda nalo gorofa saba akisimama kupumua, moyo unamdunda kwa furaha. Akalimwaga nyuma ya tangi. Sabuni alilinusa, akazunguka mara kadhaa kama mzee anayetafuta kiti, akalala, akashusha pumzi. Asenath nusura alie.

Kilichofuata mtu yeyote wa Kware angemwambia. Kijijini kuna ua na miti. Paani kuna upepo. Ulikuja wa ghafla kutoka upande wa viwandani, ukalinyanyua lile jivu lote, ukalipeleka moja kwa moja kwenye shuka, sare za shule, mashati ya ofisini na vazi jeupe la kwaya la mama wa gorofa ya pili, vyote vikiwa majimaji bado. Jivu lilishika kama plasta. Katikati ya kamba alisimama Asenath, kope nyeupe, na pembeni yake Sabuni, mweupe pia, akipiga chafya.

Alifua nguo za ploti nzima. Alifua tangu asubuhi mpaka vidole vikawa kama zabibu kavu, huku kila anayepita akimwuliza kama kwao wanasuuza kwa makaa. Kweyu alipotoka kazini alimkuta bado kwenye beseni.

"Sasa mke wangu," alisema, "unataka kuhamia na huyo mbwa, nikuandalie mizigo?"

"Nisaidie kukamua hii shuka kwanza," alisema Asenath.

Siku iliyofuata alikuwa na belo. Hilo lilimpa nguvu. Lilikuwa limeandikwa kwa kalamu nene kwamba ni sweta za watoto, za baridi, na Julai kama ile, sweta za watoto ni dhahabu. Alilibonyeza, likarudi polepole. Zito. Akalinusa, akatabasamu. Wateja wake walikuwa wamejaa tayari, na mbele yao wote alikuwa Adongo, mke wa Owino, amembeba mgongoni mwanawe Seth, mtoto mnene wa mwaka na nusu mwenye mashavu ya kununulika. Seth alikuwa akikohoa tangu mwezi uingie.

Mkanda wa mwisho ukakatika.

Nguo gani zile. Nene, zenye bitana laini, nyekundu, buluu, za miraba, zenye kola ya manyoya. Asenath mwenyewe alishikwa na bumbuazi. Kweli zilikuwa na mshono wa ajabu kidogo. Mikono ilikuwa mifupi mno tena imekaa mbele, upande wa tumbo ulikuwa wazi, na mgongoni kila moja ilikuwa na kitundu kidogo kilichozungushiwa uzi kwa ustadi.

"Mama Mitchelle, hizi zimekaaje?" mama mmoja aliuliza.

Watu wote wakamtazama Asenath, mtaalamu. Naye hakutaka kusema hajui. Aliishika moja, akaipapasa, akafumba macho kidogo kama kawaida yake.

"Hizi ni za mtoto anayetambaa," alisema. "Ulaya watoto wanatambaa kwa theluji. Tumbo linaachwa wazi asichafue."

Na kitundu je? Kitundu, alisema, ni cha kupumulia. Nani angebisha? Kabla chai yake haijapoa belo lilikuwa limekwisha. Koti kubwa kuliko yote, jekundu, zito, lenye bitana ya manyoya meupe, lilichukuliwa na Adongo. Alikuwa amelishika kwanza, akalipapasa ndani, akapitisha kidole kwenye kile kitundu, kisha akalikumbatia kana kwamba mtu atamnyang'anya. Kwa baridi ile, na mtoto yule anavyokohoa, Asenath aliona sawa kabisa.

Asubuhi iliyofuata akaja Sagal, mteja wake wa zamani ambaye huchukua nguo Muthurwa na kuziuza Eastleigh. Kwa kawaida Sagal huanza kwa salamu ndefu. Siku hiyo hakusalimu. Alikuwa na koti la miraba lililoning'inia kwenye ncha ya mwavuli, mbali na nguo zake.

"Mama, mimi ni mtu wa kuswali," alisema. "Angalia hapo ndani kwa shingo. Nyingine walikata chapa, hii walisahau."

Asenath aliangalia. Kulikuwa na kitambaa kidogo cha chapa. Maandishi hakuyaelewa, lakini picha haikuhitaji kusomwa. Kilikuwa kichwa cha mbwa, masikio juu, ulimi nje, anacheka.

Mtu mwingine angefikiria hasara, au aibu, au jinsi ya kulihama soko lile kimyakimya. Asenath alisimama pale mdomo wazi, na kitu cha kwanza kilichompanda kichwani kilimfanya apige makofi. Mahali fulani duniani kulikuwa na watu waliokaa chini na mkasi na uzi, wakapima mbwa, wakamshonea koti la baridi. Mikono mifupi mbele ilikuwa ya miguu. Tumbo wazi, naam, mbwa dume lazima akojoe. Na kitundu cha mgongoni kilikuwa cha kupitishia kamba. Kila kitu kilikuwa kimekaa mahali pake, na yeye alikuwa amezungukwa na nguo hizo asubuhi nzima huku Sabuni anatetemeka juu ya paa.

"Unafurahia nini?" Sagal aliuliza.

"Sagal, dada yangu, samahani sana, chagua chochote pale," alisema Asenath, na tayari alikuwa akifunga meza.

Lile la miraba lilikuwa dogo, halikupita hata kichwani mwa Sabuni. Wateja wengine walianza kurudi wenyewe, wakilalamika kwamba watoto wao wanatambaa vizuri lakini tumbo ni baridi. Kila mmoja alibadilishiwa nguo kwa upole usio wa kawaida, na kila koti lililorudi lilikuwa dogo. Labda huko Ulaya mbwa ni wadogo. Asenath alikaa paani akampima Sabuni kwa leso, kifuani na mgongoni, na kadiri alivyopima ndivyo alivyozidi kujua ukweli aliokuwa akiukwepa. Kulikuwa na koti moja tu duniani la kumtosha mbwa yule, na lilikuwa limevaliwa na Seth.

Angemwambiaje Adongo? Mama Seth, samahani, mtoto wako amevaa nguo ya mbwa, naomba nimpelekee mbwa? Tena mbwa yule yule aliyelala ovaroli ya baba ikaibwa? Isitoshe mtoto alikuwa ameacha kukohoa. Asenath alimsikia kupitia ukuta, au tuseme hakumsikia, na alifurahi na kuumia kwa pamoja. Mtoto wa watu amepata joto. Unaanzaje kumvua? Alisimama mbele ya mlango wa jirani yake, akanyoosha mkono kubisha, akaurudisha. Kesho yake akafanya vivyo hivyo. Huku juu Sabuni alikuwa ameacha kula.

Jumapili ikafika, na Jumapili hiyo ilikuwa ya Seth kubarikiwa kanisani. Asenath alikaa nyuma yao, benchi la tatu, na tangu wimbo wa kwanza hakusikia neno. Macho yake yalikuwa kwenye lile koti. Jekundu. Limepigwa pasi. Mchungaji akamwita mama na mtoto mbele, ngoma zikanyamaza, akamnyanyua Seth juu ili kanisa lote limwone. Upande wa tumbo wa koti Adongo alikuwa ameshonea kipande cha kitenge, mshono mdogo mdogo wa mkono. Mgongoni, juu ya kile kitundu, alikuwa ameweka kifungo kikubwa chenye umbo la ua.

"Huyu mtoto amependeza," alisema mchungaji. "Mungu awabariki wanaowavisha watoto wao."

Kanisa likasema amina. Asenath alisema amina kwa sauti kubwa kuliko wote, jasho likimtoka mwezi wa Julai.

Walirudi nyumbani pamoja, Owino akiwa ametangulia na wageni kutafuta soda. Mlangoni pa ploti gari la Ndeti lilikuwa limeshafika, na Shiundu alisimama kando na gunia limekunjwa kwapani, uso umemwanguka. Ndeti alikuwa gorofa ya kwanza akiulizia bomba linalovuja. Angepanda gorofa moja baada ya nyingine, kama kawaida yake. Asenath alitazama lile gunia. Akamshika Adongo mkono, akamvuta hadi kwenye kona ya ngazi.

"Mama Seth. Lile koti la mtoto."

Adongo alisimama. Hakuuliza koti limefanya nini. Alimweka Seth begani, akampapasa mgongo, na mkono wake ukatulia juu ya kile kifungo cha ua.

"Umejua lini?" aliuliza.

"Kujua nini?"

"Mama Mitchelle, mimi nilifanya kazi ya nyumba Lavington, kwa matajiri, kabla sijaolewa. Kulikuwa na mbwa wawili. Asubuhi ya baridi kama hii ni mimi nilikuwa nikiwavalisha makoti. Hivi hivi, na kitundu hapa. Na mimi mwenyewe sweta yangu ilikuwa imetoboka viwiko." Alisema polepole, akitazama ngazi. "Nilijua pale pale sokoni nilipoliingiza mkono."

"Na ukalinunua?"

"Mtoto alikuwa anakohoa. Na lilikuwa na joto. Nikasema, Nyasaye, Mungu wangu, akijua peke yake, haina shida. Nilikuwa naomba tu wewe usijue."

Asenath alikumbuka alivyofumba macho mbele ya watu akizungumza habari za theluji, na huyu mwanamke amesimama mbele yake, anajua kila kitu, amenyamaza. Hakumcheka. Hakumwumbua. Alikuwa ameketi usiku na sindano akiificha siri ya wote wawili kwa kitenge na kifungo. Asenath alimpenda saa ile kama ndugu wa tumbo moja, na alijionea aibu hadi masikio.

"Nilitaka kukuomba," alisema. "Lakini si kama atapata baridi."

Kutoka chini walisikia Ndeti akimaliza habari za bomba. Adongo alimtazama mwanawe, kisha juu, mahali ngazi zinapoishia.

"Seth amepona," alisema. "Na yeye hana kazi ya kufanya. Yule mwingine ana kazi." Akaanza kufungua.

Asenath alivua sweta yake mwenyewe, ile ya sufu ya buluu aliyojichagulia kwenye kamera ya miaka iliyopita na ambayo hakuwahi kukubali kuiuza, akamviringisha Seth mpaka ikabaki pua. "Belo lijalo la watoto," alisema huku akihema, "mkanda wa mwisho utakata wewe. Hakuna atakayegusa kabla yako." Adongo alijua maana ya ahadi hiyo. Akacheka, akakata nyuzi za kitenge kwa meno, akampa koti, na kifungo cha ua bado kiko mgongoni. "Kimbia sasa," alisema.

Asenath alikimbia. Kwa umri wake na kiatu cha kanisani alikimbia, akapitia kwake akanyakua supu ya mifupa iliyokuwa jikoni, akaendelea juu. Sabuni alikuwa pale pale nyuma ya tangi. Alimsugua kwa kilemba chake hadi ngozi ikapata moto. Akaingiza mguu wa kwanza, wa pili, akafunga kifuani. Lilimkaa kana kwamba fundi alimpima. Sabuni alisimama akiwa amenyooka, hatikisiki, kama mtu aliyevaa viatu vipya asivyotaka kuvikunja. Akanywa supu. Akanywa tena. Kisha, mbele ya macho ya Asenath, akajilaza akafumba macho.

"Sabuni, si sasa," alisema Asenath. "Tafadhali, si sasa."

Ndeti akatokea juu akihema, Shiundu nyuma yake na gunia, Adongo nyuma yao na mtoto, na wapangaji kadhaa waliokuja kuona. Ndeti alilitazama lile koti kwa muda.

"Mmemvisha," alisema. "Sawa. Lakini mimi naona bado amelala."

Ndeti alitikisa kichwa, akasogea hadi kwenye kamba ya karibu, na ili watu waone alichomaanisha, akashika shuka ya mama wa gorofa ya pili akaivuta.

Hatujui Sabuni alipitaje. Wengine walisema alipita chini ya shuka, wengine walisema alizirukia. Watu waliona tu kitu chekundu kimefika miguuni mwa Ndeti, na sauti ambayo Kware haikuwa imeisikia tangu manyunyu yaanze ikapasuka, ikagonga tangi, ikarudi, ikashuka ngazi zote saba. Chini mtu aliangusha kijiko. Ndeti alirudi nyuma mpaka mgongo ukagonga ukuta, shuka imemkumbatia kifuani.

"Shiundu, mshike," alisema kwa sauti ndogo.

"Madam," alisema Shiundu, ambaye siku hiyo alisema maneno mengi kuliko kawaida yake, "rudisha shuka ya wenyewe kwanza."

Ndeti alirudisha shuka. Sabuni akanyamaza, akaenda kukaa chini ya ile kamba, kifungo cha ua kinang'aa mgongoni. Asenath alilia wazi wazi bila kujificha. Kicheko kilianzia kwa mama wa gorofa ya pili kikaenea, na Ndeti mwenyewe, alipokwisha kupata pumzi, alicheka. Alimwambia Shiundu kwamba lile gunia litawekewa viazi.

Kesho yake palikuwa na mwanga kidogo wa jua, na wanawake wote wa ploti walipanda kuanika. Adongo alikuja na beseni kichwani na Seth kiunoni. Seth alimwona Sabuni, akaliona koti, akapiga ukelele wa furaha, akanyoosha mikono yote miwili kama anayeita ndugu. Kwenye kamba zote vichwa vikageuka kutazama.

"Mama Seth," alisema mama wa gorofa ya pili, "hiyo si ile ya Seth? Ile alibarikiwa nayo jana?"

Asenath alishika kibanio cha nguo mkononi akasahau cha kukifanyia. Adongo alikuwa na vibanio viwili mdomoni. Alivitoa, taratibu.

"Ndiyo yake," alisema. "Amemwazima mpaka baridi iishe."

Kisha akaichukua ovaroli ya Owino, mpya, aliyopewa badala ya ile iliyoibwa, akaianika kwenye kamba ya mwisho kabisa, ile ya ukingoni ambako wezi walikuwa wakianzia, akamchukua mwanawe na beseni lake akashuka bila kugeuka nyuma.